Ufuta ukipanda bei, pori la Liwale linapungua

Kila mwaka minada ya ufuta inapofunguliwa mkoani Lindi, habari huwa zile zile: kilo imefika shilingi ngapi, tani ngapi zimeingia ghalani, mabilioni mangapi yamekwenda kwa wakulima. Bei ikivuka shilingi 3,000, kama ilivyowahi kuvuka katika misimu ya karibuni, viongozi hupigwa picha mbele ya magunia, vyama vya ushirika hupongezwa, na wakulima husema bila kutia chumvi kwamba mwaka huu ada italipwa na nyumba itaezekwa bati. Sina ugomvi na furaha hiyo. Ugomvi wangu ni na maneno yanayoifuata nyuma, ambayo nimeyasikia kwenye warsha, redioni, hata barazani kwenye kahawa: kwamba kipato kikiongezeka watu wataacha kumaliza misitu, maana kinachokata misitu ni umaskini.

Kwa Lindi na Mtwara maneno hayo yamekaa kichwa chini miguu juu. Kusini ilikuwa maskini kwa miaka mingi na msitu wake ulikuwapo. Mpingo, mninga na mkongo vilisimama Kilwa, Liwale na Nachingwea wakati ule msafiri wa kwenda Dar es Salaam alipolazimika kulala njiani akisubiri kivuko cha Rufiji. Miti hiyo ilianza kuondoka kwa kasi ilipopata mnunuzi pamoja na njia ya kumfikia. Njaa humfanya mtu akate kuni za kupikia na fito za kujengea kibanda. Ekari ishirini za miombo huanguka kwa mkupuo kwa sababu ng'ambo ya bahari kuna mtu analipa.

Inafaa kueleza namna ufuta unavyokula ardhi, kwa sababu wengi wanaouzungumzia hawajawahi kuupalilia. Zao hili halidai mengi. Hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, huvumilia ukame, na mtu mwenye jembe, panga na kiberiti anaweza kulianza bila kukopa popote. Adui yake mkubwa ni magugu. Mche wa ufuta ukiwa mdogo ni mnyonge, majani yakiutangulia umekwisha, na palizi ndiyo kazi inayomla mkulima nguvu na fedha. Sasa shamba lililofunguliwa porini, mwaka wa kwanza, lina majivu ya miti iliyochomwa, lina rutuba iliyojilimbikiza miaka na miaka, na magugu karibu hayamo. Mwaka wa pili bado linafaa. Wa tatu au wa nne magugu yameshajua njia, mavuno yameshuka, na mkulima yuko njia panda: alipe vibarua wa kupalilia mara mbili, au afyeke pori jipya. Kibarua ana bei yake na pori halina. Mimi mwenyewe ningefyeka.

Mzee mmoja wa Liwale aliwahi kunionyesha mashamba yake matano kwa kunyoosha mkono mmoja tu, kutoka karibu na nyumba kwenda mbali. La kwanza lilikuwa limerudi vichaka. La tano lilikuwa bado linafuka moshi. Nikamuuliza la sita litakuwa wapi. "Huko huko mbele, mwanangu, bei ikiruhusu."

Hilo "bei ikiruhusu" ndilo hoja yangu yote. Bei ikiwa mbaya, mzee yule hulima alichonacho, au huacha kabisa akageukia muhogo. Bei ikiwa nzuri, anapata fedha ya kulipa vijana wa kufyeka, naye si peke yake. Kijana aliyekuwa anaendesha bodaboda mjini anarudi kijijini. Mfanyabiashara na mtumishi wa serikali, ambao hakuna anayeweza kuwaita maskini, wanatafuta ekari zao kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji na kuweka kibarua. Anayefyeka eneo kubwa kuliko wote kijijini mara nyingi ndiye mwenye uwezo kuliko wote, kwa sababu kufyeka kwenyewe kunataka mtaji. Maskini wa kweli analima ekari yake moja na nusu nyuma ya nyumba.

Sisi watu wa kusini tumeshaona mchezo huu mara moja na tungepaswa kuukumbuka. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Hakuna mtu wa Lindi au Mtwara atakayekwambia lisingejengwa, na mimi wa kwanza. Lakini nyuma ya mabasi yalikuja malori ya magogo. Miaka michache baadaye, mwaka 2007, shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilitoa ripoti yake kuhusu biashara ya mbao kusini mwa Tanzania, na yaliyomo yalitia aibu. Ilikadiriwa kwamba karibu asilimia 96 ya mapato ambayo serikali ilistahili kuyapata kutokana na miti hiyo yalipotea, hasara inayofikia dola milioni 58 kwa mwaka. Takwimu za forodha za China zilionyesha kwamba nchi hiyo ilipokea mazao ya mbao kutoka Tanzania mara kumi zaidi ya yale yaliyoandikwa kwenye vitabu vyetu kuwa yametoka. Wanakijiji waliokuwa wakiishi na miti hiyo walipata vijisenti vya kukata na kubeba. Mwaka 2002, daraja likiwa bado halijakamilika, wanakijiji hao hao walikuwa maskini zaidi na misitu yao ilikuwa minene zaidi.

Hapo kwa China panataka kusimama kidogo, maana pana jibu la nadharia inayopendwa sana na wachumi. Wanasema nchi ikianza kukua huharibu mazingira, kisha ikishafika kiwango fulani cha utajiri hugeuka na kuanza kuyatunza. Mchoro wake unafanana na kilima, unapanda halafu unashuka. Watatoa mifano ya nchi zilizoendelea ambako misitu inarudi. China ni mfano mzuri. Baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze mwaka 1998, serikali yake ilizuia ukataji katika sehemu kubwa ya misitu ya asili, ikapanda miti kwa bidii ambayo inastahili sifa. Lakini viwanda vyake vya samani na sakafu havikufungwa. Viliendelea kula mbao, na mbao zikatafutwa kwingine: Urusi, Asia ya Kusini-Mashariki, Afrika, na mwisho wa safari hiyo ukawa ni Kilwa na Liwale. Kilima cha wachumi kipo, siwabishii. Kwenye takwimu za nchi moja utaona uharibifu unashuka kweli. Wanachosahau ni kuuliza umeshukia kwa nani. Ufuta wetu leo unafuata njia ile ile, sehemu kubwa ikienda Asia, China ikiwa mnunuzi mkubwa. Anayekula ule ufuta juu ya mkate au kwenye mafuta ya kupikia haoni kisiki, wala hakuna sababu ya kumtarajia akione.

Na sisi, tumeanza kushuka kilima? Julai 2020 Tanzania ilitangazwa kuingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, baada ya miaka mingi ya uchumi kukua kwa wastani wa asilimia sita hadi saba. Katika miaka hiyo hiyo, makadirio rasmi ya upotevu wa misitu yalitoka hekta 372,000 hivi kwa mwaka na kufika hekta 469,000 hivi. Mbinu za kupima zilitofautiana, kwa hiyo nisingependa mtu ashike tofauti ya namba hizo mbili kama msahafu. Ila hata ukiziangalia kwa jicho la huruma, haziwezi kumsaidia anayedai kwamba kukua kwenyewe ni tiba.

Wengine watasema nimekwepa jambo, kwamba tatizo ni watu kuzaana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,194,028 Lindi na 1,634,947 Mtwara. Lindi ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 66,000, Mtwara haifiki 17,000. Kwa maneno mengine, mkoa wa Lindi una watu kama kumi na wanane hivi kwa kila kilomita ya mraba, mmoja wa mikoa yenye nafasi kubwa kuliko yote nchini. Kama wingi wa watu ndio ungekuwa panga, Liwale ingekuwa ya mwisho kuguswa. Wapo pia wanaowanyooshea kidole wafugaji, ambao wengi wao walifika kusini baada ya kuhamishwa Ihefu na bonde la Usangu mwaka 2006. Migogoro kati yao na wakulima ni ya kweli, na ng'ombe wengi kwenye vyanzo vya maji huacha alama. Lakini mfugaji hana haja ya kung'oa pori ili ng'ombe ale, na ni rahisi mno kumlaumu mgeni ambaye hapigi kura kwenye mkutano wa kijiji chetu kuliko kulitazama panga letu wenyewe.

Hoja nzito ya upande wa pili ni nyingine kabisa, na inanisumbua kwa sababu ina ushahidi. Inasema: tatizo si bei, tatizo ni kwamba mti uliosimama hauna bei. Upe bei nao utalindwa. Wilayani Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo lenye makao yake huko huko Kilwa, vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuumaliza, kwa ajili ya misitu yao, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Kijiji cha Nanjirinji, huko huko Kilwa, kimefanya hivyo, na fedha za mbao zimegeuka madarasa. Pale mwanakijiji akikuta mtu anafyeka ndani ya hifadhi anajua kinachoibiwa ni chake.

Nakubali yote hayo. Lakini angalia kwa makini kilichofanya kazi Nanjirinji. Mpingo ulikuwa na bei pia mwaka 2004, tena nzuri, na bei hiyo ndiyo iliyouvuna hadi ukapungua. Kilichobadilika ni kwamba bei ilikutana na mipaka: ramani, kamati, kiwango cha kuvuna, na haki ya kijiji kusema hapana. Ondoa hivyo vinne, bei inabaki kuwa ile ile ya malori ya usiku. Kisha kuna hesabu ambayo hata watu wa misitu ya vijiji wanaijua na hawapendi kuitaja hadharani. Mpingo huchukua miongo kadhaa kukua hadi kuvunwa. Ufuta miezi minne. Ufuta unapopanda bei, baba wa watoto watano hawezi kuombwa asubiri mjukuu wake auze mpingo.

Ndiyo maana watu wa kilimo husema tulime eneo dogo kwa ustadi zaidi, tusihame. Kituo cha utafiti cha Naliendele, pale Mtwara, kimetoa mbegu bora za ufuta kwa miaka mingi, zikiwemo Ziada 94, Lindi 2002 na Mtwara 2009, ambazo zikipandwa kwa mistari na kupaliliwa kwa wakati huzaa maradufu ya kile ambacho wakulima wengi hupata kwa kumwaga mbegu. Napenda ushauri huo na ningependa maofisa ugani wawe na pikipiki zenye mafuta ili waufikishe. Hata hivyo una mtego ndani yake. Ukimwonyesha mtu kwamba ekari moja inaweza kumpa magunia maradufu, umemwonyesha pia kwamba ekari ya pili inalipa kuliko alivyodhani. Pasipo na mpaka, mbegu bora inaweza kuharakisha kufyeka. Zinahitajika zote mbili, mbegu na mpaka, na mpaka utangulie.

Mtwara kuna sura tofauti kidogo. Kule nyanda za juu za Makonde, Newala na Tandahimba, pori lilishakwisha zamani na mahali pake pamesimama mikorosho. Mtu anayepita kwa gari huona kijani na kufurahi; mti ni mti. Korosho imestawi kweli: nchi nzima ilivuna takriban tani 313,000 msimu wa 2017/18, na msimu wa 2024/25 ikavuka tani 500,000. Ila mkorosho wa leo unaishi kwa salfa. Kila kiangazi mashine hupuliza unga huo dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, shamba kwa shamba, na kwa kuwa miaka ya karibuni pembejeo zimekuwa zikitolewa kwa ruzuku, mtu hana sababu ya kubania. Sehemu kubwa ya unga huishia chini, vijidudu vya udongo huugeuza kuwa tindikali, na udongo wa kichanga wa Makonde hauna nguvu ya kuihimili. Anayepata shida baadaye ni mwenye kupanda mahindi au karanga katikati ya mikorosho ile. Hapa hakuna kisiki cha kupiga picha, na ndiyo maana halizungumzwi.

Badala yake mazungumzo yote ya mazingira kusini yameishia kwenye gesi. Macho yako Likong'o, kwenye mtambo wa kusindika gesi ambao umekuwa ukijadiliwa mwaka hadi mwaka, au Msimbati, kwenye visima. Ni haki kuuliza maswali huko. Lakini kuna watu wanaoamini kwamba gesi hiyo ndiyo itakayoponya misitu kwa kuondoa mkaa jikoni, na hapo pana mchanganyiko wa mambo. Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo ni methani, inasafiri kwa bomba. Ile ya kwenye mtungi wa jikoni ni ya aina nyingine, nayo huletwa kwa meli kutoka nje. Mama wa Nachingwea akibadilisha mkaa kwa mtungi, kama mkakati wa taifa wa nishati safi wa 2024 hadi 2034 unavyotaka wananchi asilimia 80 wafanye, amefanya jambo jema kwa mapafu yake. Hajagusa pori la ufuta.

Nimejiuliza mara nyingi kama hoja hii haiishii kwenye ukatili, kumwambia mtu wa Liwale abaki maskini ili sisi tupate hewa nzuri. Wapo wahifadhi ambao kimoyomoyo wanataka hivyo hivyo: piga marufuku, weka askari, chora hifadhi nyingine. Hao nao wana historia ya kujifunza hapa hapa. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, ili kupata mafuta ya kula ya kwao baada ya vita, walileta matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Pori lilirudi juu ya mashamba yao. Kushindwa kule kulilinda ardhi kuliko sheria yoyote, na watu wa Nachingwea walibaki na ardhi yao bila reli. Hakuna anayetaka kulinda msitu kwa njia hiyo tena.

Kwa hiyo swali la kweli ni fedha ya mwaka mzuri inafanya nini ikishafika kijijini. Sasa hivi inanunua bati, pikipiki, na pori jipya, na vyote vitatu vinahesabiwa kuwa maendeleo. Halmashauri hukata ushuru wa asilimia tatu kwenye mazao ya biashara. Katika mwaka wa bei kubwa ushuru huo unaongezeka bila mtu kutoa jasho la ziada, na ni katika mwaka huo huo panga linafanya kazi kuliko wakati wowote. Lingekuwa jambo la busara sehemu ya ongezeko hilo ikarudi moja kwa moja kwenye vijiji ilikotoka, kwa kazi moja ya kuchosha: kupima mipaka na kukamilisha mipango ya matumizi ya ardhi, ili mwenyekiti wa kitongoji asiweze tena kugawa pori kwa anayemletea bahasha. Kazi hiyo ni ghali na haina utepe wa kukata. Vijiji vingi vinaisubiri wakati ushuru wa ufuta unajenga mambo mengine, mengine ya maana, mengine sijui.

Haraka ipo, kwa sababu lami inakuja. Watu wa Liwale wameahidiwa barabara kwa miaka mingi, kutoka Nangurukuru na kutoka Nachingwea, na siku itakapokamilika nitashangilia pamoja nao. Mgonjwa wa Liwale ana haki ya kufika hospitali akiwa hai. Lakini Rufiji imeshatuonyesha malori hufika kabla ya kamati. Kijiji kitakachokuwa na ramani yake iliyosajiliwa siku lami inafika kitauza ufuta na mbao kwa bei nzuri zaidi na bado kibaki na pori. Kisichokuwa nayo kitauza mara moja.

Msimu ujao mnada utafunguliwa kama kawaida. Karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ataandika jina la mkulima, kilo, bei, makato ya chama, makato ya halmashauri, na fedha iliyobaki. Kwenye daftari lile hakuna safu ya ekari, wala ya shamba hilo ni la mwaka wa ngapi.